Pete ya Kijani

Saa kumi na moja alfajiri, stesheni ya Newcastle,
mimi na ufagio, na njiwa wenye nchi yao
juu ya vyuma vya paa.
Nakwangua mavi yao, meupe kama chokaa,
nao hushuka kunikagua
kwa jicho moja, kisha la pili,
kama afisa uhamiaji na pasipoti yenye shaka.

Yumo mmoja, shingo ya zambarau,
mguuni pete ya kijani, na namba.
Huyu si wa mtaani. Huyu ana kwao.

Ng'ambo ya mto, Gateshead, jirani yangu Doreen Hepple
ana banda la mbao uani,
paa la samawati lililopauka.
Ijumaa hupakia njiwa kwenye lori
wakafunguliwe Ufaransa.
Jumamosi hukaa kwenye kiti cha plastiki,
shingo juu, chai inapoa,
anahesabu.

Wanajuaje njia? nilimwuliza.
Wana jua, akasema, na saa ndani ya damu.
Mawingu yakifunga (na huku hufunga)
ardhi yenyewe huwavuta,
kama sumaku inavyoiita sindano.
Wengine wanasema ni pua,
kwamba upepo huja na harufu ya kila mji.
Ila wakishaizoea njia, akasema,
huyaacha yote hayo,
wakafuata barabara kuu ya magari,
wakifika kipilefti wanakata kona
kama dereva wa basi.

Kipilefti! Nilicheka hadi chai ikanipalia.
Mimi, mwaka wa tisa hapa,
bila yule mwanamke wa ndani ya simu
siwezi kufika kwa daktari wa meno.

Ile namba niliiandika nyuma ya tiketi,
nikambishia hodi.
Akavaa miwani. Akasoma. Akakaa.
Wa mwaka juzi huyu, akasema,
yule jike mdogo, siku ya mvua ya mawe.

Tukapiga hesabu mezani kwa kidole:
alivuka bahari, akaiacha London kulia,
akaipanda nchi nzima,
akapita juu ya paa lake mwenyewe,
juu ya kiti, juu ya chai,
akavuka mto, akatua stesheni.
Dakika mbili za bawa, kupita kwao.

Kwetu husema kwenda mbio si kufika.
Na kufika, naona, si kutua.

Kumbe hakupotea, nikasema.
Doreen akaikunja tiketi mara nne, ikawa kama punje.
Nikangoja aseme twende na kikapu.
Akauliza tu: anakula?

Anakula. Leo ameokota ganda la pai
chini ya benchi la jukwaa la pili,
akagombana na dume mwenye kidole kimoja,
akashinda,
akapanda hadi kwenye dirisha lililovunjika,
lile linaloangalia kusini,
akajipanga manyoya
akiwa amelipa mgongo.