Faili Arobaini na Moja

Mtaa wa Rengua, ghorofa ya pili,
juu ya duka la vipuri vya pikipiki.
Mvua ya Aprili inapiga bati,
umeme umekwenda tangu saa nane.
Betri: asilimia kumi na tisa.
Mbele yangu dirisha jeusi, na kishale kinachokonyeza.

Ombeni kahamia Dodoma, kafuata mshahara,
kaniachia programu ya kupimia kahawa ya wakulima
na maneno machache ya simu:
"Kila kitu kimo ghalani, Aikande. Uliza tu."

Basi nauliza.
git ls-files
Maneno ya kigeni, mafupi
kama kukohoa mlangoni pa watu.

Na ghala linajibu bila salamu,
jina chini ya jina:

hesabu.py
malipo.py
malipo_mpya.py
malipo_mpya_mwisho.py
malipo_mpya_mwisho_kweli.py

(hapo nacheka peke yangu. Ndiye Ombeni huyo,
huaga mara tatu, kisha hurudi kufuata mwavuli)

mizani.py
unyevu.py
wakulima.csv
na nyingine, na nyingine.

Baba alikuwa mtunza ghala kule karibu na stesheni,
enzi magunia yalipopangwa yakagusa dari.
Alfajiri alipita na tochi na daftari,
akisoma alama za vyama kwa sauti, akitia vema.
Nikamuuliza, mbona huyafungui?
"Nina magunia elfu mbili na miguu miwili," akasema,
"shika tochi."
Lakini kiunoni hakukosa bambo,
kile chuma chembamba chenye mfereji,
na gunia lililomtia shaka alilichoma ubavuni,
buni nne tano zikamwangukia kiganjani.
Alizinusa. Wakati mwingine alizirudisha.
Wakati mwingine alikwenda kumwamsha mkubwa wake.

Nahesabu: arobaini na moja.
Kisha naomba orodha ya nyuma, ya msimu wa mwaka juzi,
maana ghala hili kila siku iliyowekwa
huitunzia orodha yake.

Arobaini na mbili.

Narudia, kidole kwenye kioo, kama mwalimu wa zamu
anayetafuta kiti kitupu.
kilo_nne.txt
Ilitolewa Ijumaa, saa kumi na moja jioni.
Sababu ya kufuta, neno moja: "usafi".

Betri, tisa.
Nachomoa bambo, nachoma ubavuni.
Mstari mmoja unadondoka:

Mizani ya mlango wa pili inapunja kilo nne kila gunia. Nimewaambia. Wamesema niache.

Sijui kama mvua imekatika
au ni masikio yangu.
Mlango wa pili ndio wa wenye mzigo mdogo.
Pale hupanga foleni Mama Ndetaramo
na gunia lake moja, na nusu ya jirani,
akishapewa risiti huikunja
akaitia ndani ya kitabu cha nyimbo, asiisome,
kwa kuwa mashine haina ndugu, haina upendeleo.
Hivyo ndivyo tulivyowaambia siku ya uzinduzi.
Mimi ndiye niliyeshika kipaza sauti.

Simpigii Ombeni.
Alishasema, kwa namna yake ya uoga:
aliliweka neno mahali ambapo
hata mkono wake mwenyewe ukifuta, haufuti.

Narudisha faili. Jina lile lile.
Penye maelezo naandika "usafi",
nafuta, naandika "haijaisha".
Betri, asilimia nne. Nne tena.

Naita orodha kwa mara ya mwisho
na majina yanajipanga kwa alfabeti, yasijue kitu,
na kati ya hesabu na malipo
amesimama yule aliyekuwa mtoro.

Kioo kinazima.
Chini dukani wanawasha jenereta.
Natafuta viatu vyangu gizani; ofisi ya chama
hufungwa saa kumi na moja.