Kionjo

Kibanda chetu kiko kati ya piza na biskuti,
ghorofa ya pili, jengo la maduka, Spokane,
chini ya taa nyekundu ya karatasi
ambayo ni ya plastiki. Naifuta mafuta kila Jumatatu.

Mwenye mali ni Bwana Noh, mzaliwa wa Busan.
Mpishi ni mimi, Wilmer, wa Choluteca.
Mchele unatoka Kalifonia. Sosi huja kwa ndoo,
lita ishirini, kifuniko chake mkono wa birika.
Juu ya vichwa vyetu pameandikwa LADHA HALISI YA KYOTO,
na hajatokea mtu wa kuuliza
ni nani kati yetu aliyewahi kuionja.

Saa tano hasa kazi yangu ni kijiti:
nachoma kipande cha kuku, namnyoshea mpita njia.
Wavulana wa shule huchukua, huzunguka nguzo,
huvua kofia, hurudi kama wageni.
Nawapa tena.
Kuvua kofia nako ni jasho.

Alhamisi huja Bi. Hatanaka,
miaka themanini na moja, mkoba kaukumbatia.
Kijiti hataki.
Husimama akasoma menyu yote
kama barua ya serikali, akitafuta kilichofichwa,
kisha huagiza kilekile:
kuku, wali, kabichi isilegee.

Siku moja bwalo lilikuwa tupu
(duka la viatu mkabala lilikuwa limefungwa wiki ile,
limebaki na mguu mmoja wa plastiki dirishani)
nikathubutu. Bibi, nikasema,
hiki si chakula cha kwenu. Najua.
Naona haya kukuuzia.

Alicheka hadi uma ukamponyoka.
“Kwetu ni Yakima! Mama alipika soseji za kopo
kwa soya na sukari, sukari nyingi mno,
maana baba alirudi shambani kanuna
na sukari ilikuwa rahisi kuliko maneno.
Kyoto sijaikanyaga. Nimeiona kwenye kalenda.
Nimekula kote mjini hapa, kijana,
ni wewe tu unayekosea
kama alivyokosea mama.”

Tangu hapo namwongezea sosi nusu upawa.
Bwana Noh huona, hukohoa,
huandika kitu daftarini.

Jana alikuja, haikuwa Alhamisi.
Akapokea kijiti, akatafuna taratibu,
akaenda hadi kwenye nguzo, akaizunguka,
akavua skafu,
akarudi kama mgeni.