Nukta ya Ishirini na Tatu

Kila nikichomeka jipiesi
mshale unashikwa na wazimu:
unaruka, unafungua mafaili, unafuta,
unabofya pasipo mkono.

Aikande anacheka, ameshika chai ya rangi.
"Umerogwa. Ni ile mbege ya Uru."

Huko Uru tulipima kihamba cha Ndekirwa na nduguye,
tukipenya migomba iliyolowa,
nukta arobaini na moja za mpaka
ambao kila mmoja anaapa umehama usiku.
Nukta zimo humu, kifuani mwa jipiesi. Hazitoki.

Nimebadili waya. Nimebadili tundu.
Nimezima, nimewasha; Moshi nzima ikazimika, ikarudi.
Saa tisa alasiri ndipo nikang'amua:
kompyuta ikiamka na waya umeshachomekwa
husikia kitu kinanong'ona,
namba, namba, namba,
ikadhani ni kipanya.
Haikuwa na ubaya. Ilikosea jina tu,
na kila latitudo ikaisoma
kama kiganja kinachotetemeka.

Nikakizima kile kipanya cha uongo.
Mshale ukatulia, kama nzi aliyechoka.
Zikaja nukta, moja moja, zikajipanga,
Aikande akizihesabu kwa sauti
hadi akanyamaza.

Ya ishirini na tatu
imeingia hatua mbili kwa mdogo mtu,
pale pale Ndekirwa aliponishika bega,
"Fundi, njoo kwanza unywe."

Kesho napanda na ramani.
Ndani ya bomba lake nimetia jani la sale, bichi.
Kuna atakayelihitaji.