Jiwe la Kilo

Naandika haya kwa Kiswahili,
lugha ambayo mama alitoka nayo Pemba
akaificha jikoni, kati ya kinu na mbuzi ya nazi,
kwa kuwa hapa Salala, soko la Hafa,
hakuna atakayenisoma juu ya bega.

Miaka kumi na mmoja nilikuwa mpimaji wa ubani
katika duka la Bakhit.
Sahani ya shaba huku, jiwe kule.
Mawe ya kilo yalikuwa mawili:
la kuuzia, safi,
na la kununulia, lililotobolewa tumbo
likajazwa risasi.
Si ile ya bunduki.
Ila nayo huua, polepole, gramu mia mia.

Tufuli binti Mahad alikuwa akija kila Aprili
kutoka Hadbin, kwa pikapu ya kaka yake,
magunia matatu, utomvu hadi viwikoni,
vidole vimegandana kama vya mtoto aliyekula halua.
Mti huu haupandwi, aliniambia.
Huzaliwa juu ya jabali, wenyewe, kwa ukaidi.
Sisi twaurithi kama mnavyorithi nyumba:
ule wa babu, ule wa shangazi,
ule uliopinda ni wa mahari yangu.
Waliparura gome, mti watoa maziwa.
Waenda zako wiki mbili. Warudi, waparura palepale.
Chozi la kwanza ni la kutupa.
La pili ni la deni.
La tatu ndilo la kuuza.

Nami nikapima.
Jeupe lenye ukijani, jekundu, jeusi,
yote nikayaita "mchanganyiko",
riali mbili kilo.
Jioni tulipembua juu ya sinia,
na lile lenye ukijani likaenda Dubai
kulala ndani ya kichupa chenye utepe,
kwa bei ambayo Tufuli angetajiwa
angeuliza: ya mbuzi, au ya zizi?

Haba na haba hujaza kibaba.
Sawa. Lakini kibaba cha nani?

Halafu mumewe akateleza korongoni
akiufuata mti wa mbali,
maana ya karibu ilishajaa makovu, tisa, kumi,
ikawa yatoa maji matupu.
Walikuwa na deni kwetu: unga, na tairi mbili.

Alikuja peke yake, gunia moja.
Kwa Kiarabu nilisema yasemwayo.
Lakini kichwani likanijia neno la jikoni:
kwao mama, pesa ya kumfariji mfiwa
huitwa ubani.
Nikasimama, ubani wake mkono huu,
jiwe mkono huu,
nikahesabu ni nani
aliyekuwa akimfariji nani miaka yote hiyo.

Sikufanya ushujaa.
Nilisahau tu kubadilisha mawe.
Niseme nilisahau.
Nilimpimia kwa lile la kuuzia.
Akaitazama sahani. Akanitazama.
Mtu aliyelibeba gunia mgongoni toka bondeni
haulizi shaba uzito wake.
"Kumbe mnayo mawili," akasema,
akakunja noti zake, akatoka.

Mwaka uliofuata hakuja.
Wala wenzake wanane wa Hadbin.
Nasikia wamenunua mizani ya betri,
wanapembua wenyewe sebuleni kwake,
kila fungu na karatasi yenye jina la mti,
na kuna mnunuzi Maskati anayelipa kwa daraja.
Sijasikia kwamba wametajirika.
Chumba cha mbele bado hakijapakwa rangi.
Ila ule mti uliopinda haujaguswa mwaka wa pili huu,
na gome, wasema, limeanza kufumba.

Bakhit alinitoa kazini bila kelele.
Nami nikatoka na jiwe lake mfukoni.
Sasa hulizuia jiko langu lisigonge mlango
upepo wa kharifu ukivuma.
Mjukuu huliinua kwa mikono miwili, auliza:
hili ni kilo ngapi, bibi?
Namjibu,
inategemea nani anauza.