Soksi Moja

Nilikuwa dobi wa gesti pale Chang'ombe
mwaka ule Gambia walipokuja kucheza na Taifa Stars.
Mwezi wa sita, kipupwe, nguo hazikauki kwa haraka.
Mtunza vifaa wao, Kebba, alinishushia mifuko mitatu,
akahesabu kwa lugha yake, akahesabu tena kwa Kiingereza,
kisha akacheka: "Mama, zikipungua nitacheza mimi, peku."

Kwa Kiingereza changu cha darasa la saba
nikamuuliza nchi yenu iko wapi.
Alichukua kipande changu cha sabuni
akachora mto kwenye saruji,
na mstari huku, na mstari huku,
umbana mto kama pindo la kanga.
"Basi?"
"Basi. Ukipiga mpira kwa nguvu unaangukia Senegali,
na kuufuata huko lazima uwe na pasi.
Ndiyo maana tunacheza pasi fupi."
Nami nimeshika pasi ya mkaa, inafuka,
nikacheka hata kwa ile ya tatu asiyoijua yeye.

Jumapili sikwenda uwanjani, uwanja ulinijia.
Dakika ya nane mtaa mzima ukanyamaza,
nikajua zimefunga zile jezi ninazozijua madoa.
Kipindi cha pili tukasawazisha.
Jioni, penalti. Mbili moja.
Nilipiga vigelegele na mabeseni mkononi,
kisha nikaona haya,
maana mifuko mitatu ilikuwa njiani kurudi kwangu.

Nilifua usiku huohuo.
Jasho la kushindwa, nawaambia ninyi msiofua,
halina harufu yake peke yake.

Wakaondoka alfajiri. Chini ya karo nikaokota soksi,
nyekundu, ina mistari ya buluu na kijani kifundoni.
Moja.

Tangu hapo naifuatilia nchi ile kama mtu anayefuatilia mdeni.
Redio ikasema vijana wao wamepunguza umri,
wamefungiwa miaka miwili, wakubwa kwa wadogo.
Mume wangu Mwinshehe akasonya.
Nikamwambia, wewe cheti chako cha kuzaliwa
ulikipata ukiwa na ndevu.
Miaka ikapita, wanafungwa, wanatoka sare,
majina yao hayatajwi mpaka mwisho wa taarifa.
Nilijua kungoja. Sisi wenyewe tulikwenda Mataifa ya Afrika mara moja,
tukakaa miaka thelathini na tisa kuirudia njia.

Halafu Januari ile, Kamerun.
Mara yao ya kwanza kabisa,
na kwenye orodha ya ubora wa mkia kuliko wote waliofika.
Nikatoa mia tano, nikaingia banda umiza Tandika,
mwanamke peke yangu, nimejifunga kilemba cha kazini.
"Mama Chausiku, leo si Yanga na Simba!"
Nikakaa kwenye kreti.
Dhidi ya Tunisia muda ulikuwa umekwisha,
zimebaki zile dakika za kuongezwa, za kuombea sare,
na mpira ukaingia.
Niliruka, kreti ikaanguka, soda ya mtu ikamwagika.
"Kwani unawajua hawa?"
"Nimewafulia."

Wakamtoa Gine pia. Kisha mwenyeji akawafunga mbili,
nikarudi nyumbani kwa miguu, sina neno na mtu.

Miaka miwili baadaye wanasafiri tena, kwenda Abijani,
ndege ikaishiwa hewa angani,
wakasinzia mmoja mmoja vitini, rubani akageuza.
Niliishika ile soksi mpaka redio iliposema wametua.
Walikwenda, wakafungwa zote tatu.

Mjukuu huivaa mkononi, anaifanya nyoka.
Huuliza nyingine iko wapi, simjibu.
Kila kipupwe naifua ingawa haina uchafu,
naianika kwa kibanio kimoja,
na inachukua siku mbili kukauka.