Jina la Mtihani

Saiba yangu iko Mshomoroni, ukipita kinu cha unga:
mlango wa bati, kompyuta tatu, moja imekufa.
Kunakili shilingi tano. Kuchapisha kumi.
Fomu ya mkopo wa chuo hamsini,
na nikiona umekuja na viatu vya kuazima, thalathini.

Mize alikuja baada ya isha, siku ya mwisho ya kuomba,
kashika barua ya chuo kwa ncha za vidole
kama mtu aliyebeba sahani ya wenyewe.
Uuguzi, miaka minne.
Chini kabisa, ada, na sifuri zake
ambazo mamake, muuza bajia, alizihesabu kwa kidole
akarudi mwanzo, akazihesabu tena.

"N'andikie mkopo," akasema.

Nikaandika shule. Nikaandika kemia, A.
Tukafika penye nyota nyekundu:
nambari ya kitambulisho.
Mashine haijui "ngoja kidogo".
Huwezi kuiambia kuwa babu Faki alitoka Pemba
kabla mpaka haujajifunza kuuliza,
akazikwa Kisauni, na mchanga haukutaka hati;
kuwa Kombo kazaliwa papa hapa, na Mize papa hapa,
na bado afisini huambiwa, rudini kwenu.
Kwetu wapi? Nyuma ya kinu?

Na barua yenyewe haikuandikwa Mize.
Imeandikwa Riziki Charo Mwambire.

Riziki alikuwa mtoto wa jirani, ukuta mmoja.
Alifariki ana miaka miwili, homa ya usiku mmoja.
Cheti chake cha kuzaliwa kikabaki katikati ya leso,
kimekunjwa mara nne,
hadi mwaka ambao mwalimu alisema
asiye na cheti hasajiliwi mtihani.
Mama Riziki akakitoa, akakipanguza kwa kiganja:
"Chukua. Kilikuwa hakina kazi."

Tangu hapo Mize ana jina la kuitiwa chakula
na jina la mtihani.
(Mtihani, kwetu sisi, ni neno la maana mbili.
Hapa zote mbili zimo.)

Mama Riziki naye alikuwepo, kwenye benchi, hakualikwa.
Huja kila matokeo yatokapo. Hajui kusoma.
Huniomba nimsomee kwa sauti.
"Riziki Charo Mwambire. Kemia, A. Bayolojia..."
"La, rudia pale mwanzo."

Nikawaambia ninavyojua.
Ukichukua kitambulisho kwa jina hili,
vidole vyako kumi vitakuwa vya Riziki:
utaolewa Riziki, utadaiwa mkopo Riziki.
Ukilikataa, hizi A si zako,
ni za mtoto ambaye hakuwahi kushika penseli.
Na uongo huu nitauandika mimi,
kwa vidole vyangu, ambavyo serikali inavyo.

Mama Riziki akafungua fundo la leso,
akaweka kitambulisho chake juu ya kibodi.
"Iambie mashine mimi ndiye mamake."

Mamake Mize hakuja.
Alituma bajia, kwenye gazeti, za watu watatu.

Mize akavuta kibodi, akafuta herufi moja moja,
kutoka mwisho kurudi mwanzo,
na mwanamke asiyejua kusoma
akaona kitu kinapungua.
"Wafanya nini?"
"Nataka kuona tu linavyokaa."
Akaandika: Mize Kombo Faki.
Akalitazama, kichwa upande, kama anayejaribu buibui dukani.
"Hilo ni lipi?"
"Langu."
"Kumbe fupi," akasema Mama Riziki,
na sauti yake haikuwa na lawama, ndiyo iliyoniumiza.

Kioo kikaandika: Muda wako umekwisha. Anza upya.

Ilikuwa imebaki saa moja na robo kabla ya kufungwa.
Nikafungua ukurasa mwingine. Dakika sikuzihesabu.
Mafuta ya bajia yalikuwa yamepenya gazeti
yakachora duara juu ya meza.
Kisanduku cha kwanza, jina.
Nikauliza bila kugeuka:
"Niandike nani?"

Nyuma yangu, wote wawili wakavuta pumzi.