Koti la Jenerali Pruitt

Alipokuja mara ya kwanza alikuwa mpima ardhi tu,
Asahel Pruitt, tope la mfereji wa Ohio limemkaukia viatuni,
bega la kulia limeshuka
kwa miaka kumi na miwili ya kubeba mnyororo wa kupimia.
Kifua: inchi arobaini na mbili.
"Wamenifanya kanali," alisema, kama anayeomba radhi.
Nikamshonea koti la buluu,
vifungo saba kila safu.
Mwanangu Anselm alinishikia taa.

Barua za Anselm zilinuka mafuta ya nguruwe.
Mama, kanali hulala na buti miguuni.
Mama, jana wameingia kambini watumwa kumi na mmoja,
na kichanga ndani ya kikapu cha mahindi.
Bwana wao akafuata na karatasi yenye mhuri, akidai mali yake.
Kanali akaisoma hadi nukta ya mwisho, akaikunja,
akasema yeye kazi yake ilikuwa kupima mashamba,
watu hajui wanapimwaje.
Bwana yule alirudi alivyokuja.

Vifungo nane, viwili viwili: brigedia jenerali.
Kifua arobaini.

Halafu Mto Sorrel.
Ramani ilisema maji ya kiunoni.
Ramani ilichorwa kiangazi,
na huo ulikuwa mwezi wa Machi.
Ng'ambo ilitekwa. Magazeti yakaandika USHINDI kwa wino mzito,
na vijana mia mbili na sita
hawakuufikia.
Nililetewa kifurushi: kisu, soksi moja,
kifungo cha shaba.

Mara ya tatu alikuja Novemba, meja jenerali.
Kifua thelathini na saba.
Nilikuwa na pini mdomoni, utepe nimeuzungusha shingoni mwake.
"Bibi Brandauer," alisema, "nilipima vibaya."
Pini zilinisitiri. Sikujibu.

Tisa kila safu, vitatu vitatu.
Vifungo vikizidi, mwili ukipungua,
hata sijui nani alikuwa akimvaa mwenzake, mtu au koti.
Usiku ule nikakitia cha Anselm,
safu ya kushoto, cha chini kabisa.
Tai wa askari na tai wa jenerali,
kwa mbali, ni ndege yule yule.

Siku ya gwaride watu walihesabu nyota mabegani.
Mimi nilihesabu vifungo:
kumi na saba vya serikali,
kimoja changu.

Vita vilipokwisha alikuja kutaka suruali ya kiraia, rangi ya majivu.
Hakukitaja. Wala mimi.
Alilipa, akaaga; mvua ilikuwa imekatika punde.
Nikamtazama dirishani
akisimama mbele ya dimbwi la barabarani,
dimbwi ambalo hata kuku angelivuka,
akitumbukiza fimbo, akiitoa,
akiangalia ilipoishia kulowa,
kisha akazunguka.